Wamisionari walipoondoka, Kanisa halikufa

Kila mwaka ifikapo Juni 3, Namugongo, nje kidogo ya Kampala, hufurika mahujaji. Wapo wanaofika kwa mabasi, na wapo wanaotembea kwa miguu siku nyingi kutoka Kenya, Tanzania na pembe zote za Uganda, kuwakumbuka vijana waliochomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga mwaka 1886. Wanawaheshimu kama mashahidi wa imani, na wanastahili heshima hiyo. Lakini orodha ya mashahidi hao ina jambo ambalo lingepaswa kutukosesha usingizi. Kati ya Wakatoliki 22 ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu Oktoba 18, 1964, hakuna padri hata mmoja, hakuna mtawa, hakuna aliyepita seminari. Andrea Kaggwa alikuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka. Noa Mawaggali alikuwa mfinyanzi. Karoli Lwanga alikuwa msimamizi wa vijana wa ikulu. Waanglikana waliouawa katika mateso hayohayo nao walikuwa watu wa ikulu na wa vijijini, watu wa kazi zao. Tunawakumbuka kwa jinsi walivyokufa, tukasahau kwamba kabla ya kufa baadhi yao walikuwa walimu wa dini, na kwamba walifundisha wakati mapadri hawakuwapo.

Hapo ndipo ilipo hoja ya makala haya. Injili katika Afrika Mashariki ilienezwa kwa sehemu kubwa na waumini wa kawaida, watu wasio na joho wala cheo, na Kanisa linalowaachia kazi hiyo wachungaji, mapadri na wahubiri wa majukwaani linakwenda kinyume cha historia yake lenyewe. Hoja hii haihitaji kutetewa kwa hisia. Zaidi ya mara moja, historia ya eneo hili iliwaondoa wamisionari ghafla na kuwaacha waumini peke yao, na kila mara tuliona nani hasa alikuwa ameshika kazi.

Mara ya kwanza ilikuwa Buganda. Mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1879 na wakabatiza waumini wao wa kwanza mwaka uliofuata. Novemba 1882, kwa kuhofia usalama wao, walifunga virago, wakavuka ziwa na kwenda kukaa Bukumbi, karibu na Mwanza. Hawakurudi hadi katikati ya mwaka 1885. Kwa mtazamo wa kawaida, jumuiya changa ya miaka mitatu iliyoachwa bila padri ilipaswa kusambaratika. Haikusambaratika. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwafundisha vijana ndani ya ikulu, Andrea Kaggwa aliwafundisha waliomzunguka, na huko Mityana Matia Mulumba na Luka Banabakintu waliwakusanya majirani zao kwa sala na mafundisho. Mapadri waliporudi hawakukuta magofu, walikuta watu wengi kuliko waliowaacha, wakisubiri ubatizo. Na mateso yalipozidi, usiku wa kuamkia Mei 26, 1886, pale Munyonyo, Karoli Lwanga aliwabatiza kwa mkono wake vijana wachache waliokuwa bado wakatekumeni, akiwamo Kizito, aliyekuwa na umri wa miaka 14 hivi. Hapakuwa na padri wa kuitwa. Lwanga mwenyewe alikuwa amebatizwa miezi sita tu kabla ya hapo.

Mara ya pili ilikuwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Misheni za Kilutheri na Moravian zilikuwa za Wajerumani, na Waingereza walipoiteka nchi waliwaona wamisionari hao kuwa raia wa adui. Kuanzia mwaka 1916 wengi walikusanywa na kuzuiliwa, na waliobaki Kilimanjaro, akiwamo Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, waliondolewa mwaka 1920. Kilimanjaro wakati huo hapakuwa na Mchaga hata mmoja aliyewekewa mikono ya uchungaji. Kazi ikabaki kwa walimu wa shule za vijijini na wazee wa sharika. Mtu yuleyule aliyefundisha watoto kusoma asubuhi ndiye aliyeongoza ibada Jumapili, aliyewaandaa wanafunzi wa ubatizo, aliyezika wafu na kusuluhisha ugomvi wa mke na mume. Bukoba mambo yalikuwa yameanza hata kabla ya vita: Waprotestanti wa Kihaya walioipata imani huko Buganda walikuwa wakikutana kusoma Maandiko kabla wamisionari wa Misheni ya Bethel hawajatia mguu mwaka 1910. Mmisionari alifika akakuta darasa limeshaanza. Gutmann aliporudi katikati ya miaka ya 1920, alikuta sharika zikiwa hai. Vita vya pili vilipowaondoa tena Wajerumani, kuanzia 1939 na 1940, waumini hawakuwa wageni wa jambo hilo. Makanisa saba yaliyoungana mwaka 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, leo miongoni mwa makanisa makubwa ya Kilutheri duniani, kwa sehemu kubwa yalipita katika tanuri hilo.

Pengine msomaji atasema kwamba hizo zilikuwa nyakati za dharura, na dharura haifanywi kanuni. Basi tutazame nyakati ambazo hapakuwa na dharura. Apolo Kivebulaya, askari wa zamani wa Buganda, alibatizwa mwaka 1895 na mwaka uliofuata akawa njiani kwenda Mboga, ng'ambo ya Semliki, katika eneo ambalo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wainjilisti waliomtangulia walikuwa wamerudi baada ya mtawala wa huko, Tabaro, kuwanyima chakula. Apolo alishika jembe akalima shamba lake, na kwa njia hiyo akaiondoa silaha kubwa aliyokuwa nayo mtawala. Alipigwa, akafungwa, akarudi tena. Baadaye Tabaro mwenyewe aliomba ubatizo. Apolo aliwekewa mikono ya ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903, lakini Kanisa la Mboga lilianzishwa na katekista aliyejilisha mwenyewe. Vivyo hivyo Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini, Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930, haukuanzia kwa maaskofu. Simeoni Nsibambi hakuwa kasisi. Joe Church alikuwa daktari. Yosiya Kinuka alikuwa mhudumu wa wagonjwa katika hospitali ya Gahini. William Nagenda alikuwa karani wa serikali. Wauguzi, walimu na wake zao walisafiri kwa vikundi hadi Kigezi, Kenya na, kufikia mwaka 1939, Katoke upande wa Tanganyika. Festo Kivengere aliyekuja kuwa Askofu wa Kigezi alifika Dodoma katika miaka ya 1940 akiwa mwalimu wa shule, akahubiri kwa miaka mingi kabla ya kupewa ukasisi mwaka 1967.

Ukirudi nyuma zaidi, Maandiko yenyewe yanasimulia hivyohivyo. Sura ya nane ya Matendo ya Mitume inaeleza kwamba mateso yalipoanza Yerusalemu, waumini walitawanyika huku mitume wakibaki mjini, na waliotawanyika ndio waliokwenda wakihubiri. Sura ya 11 inasema kwamba watu kutoka Kipro na Kirene, ambao mwandishi hakutaja hata majina yao, ndio waliothubutu kuwaeleza Wayunani habari za Yesu huko Antiokia. Barnaba alitumwa baadaye, kazi ikiwa imeshashika. Akila na Prisila, mafundi wa mahema, ndio waliomketisha Apolo, mhubiri msomi wa Aleksandria, wakamfafanulia njia kwa usahihi zaidi. Na katika Waefeso 4, Paulo anapowataja wachungaji na walimu, anawapa kazi ya kuwaandaa watakatifu wote kwa ajili ya huduma. Hakuwapa kazi ya kuifanya huduma yote wakati wengine wakitazama.

Sasa tazama tulipo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwa hati yake ya mwaka 1965 juu ya utume wa walei, ulisema wazi kwamba mlei hushiriki utume wa Kanisa kwa ubatizo na kipaimara chake, pasipo kungoja kukaimishwa na padri. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, waliamua katika miaka ya 1970 kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe msingi wa uchungaji. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kubwa, na bado unaonekana kila mtaa. Jumamosi alfajiri, kabla watu hawajakwenda sokoni, wanajumuiya hukutana nyumbani kwa mmoja wao. Mikeka hutandikwa, viti vya plastiki hukusanywa kwa jirani, katibu hufungua daftari la mahudhurio. Husaliwa, husomwa somo la Jumapili ijayo, mmoja au wawili husema neno. Kisha huja matangazo, na hapo ndipo kikao kinapoanza kwa kweli: zaka, ujenzi wa kigango, mchango wa ugeni wa askofu, nani amelipa, nani bado. Muumini anayetaka mtoto wake abatizwe au ndoa yake ifungwe hujua kwamba atahitaji barua au saini ya viongozi wa jumuiya, na kwa wengi hiyo ndiyo sababu kuu ya kuhudhuria. Chombo kilichobuniwa ili jirani amfikie jirani kimegeuka, katika sehemu nyingi, kuwa dawati la mahudhurio na michango.

Waprotestanti wasicheke. Kwao uinjilisti umehamia kwenye Idara ya Uinjilisti na Misioni, na hujidhihirisha mara moja au mbili kwa mwaka kwa mkutano wa injili: jukwaa, jenereta, spika, kwaya mbili au tatu na mhubiri aliyealikwa kutoka mbali. Wanaoinua mikono huandikwa majina kwenye karatasi, mhubiri huondoka, na karatasi huingia kwenye faili. Muumini wa kawaida ametoa mchango, amepika chakula cha wageni, ameimba kwaya, na amerudi nyumbani akiamini kwamba uinjilisti umefanyika. Katika mikutano hiyo wapo wanaoongoka kweli, na si haki kuibeza. Lakini mtu aliyeinua mkono Jumamosi usiku anahitaji mtu wa kumtembelea Jumanne, wa kukaa naye anapofiwa, wa kumweleza kwa nini Wakristo wanaamini wanachokiamini. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mhubiri mgeni hawezi kuifanya kazi hiyo hata angekuwa na karama za kila aina, kwa sababu Jumanne hayupo.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni zito, na linatoka kwa watu wenye uchungu na Kanisa. Wanasema: ukimruhusu kila mtu kufundisha, utavuna mafundisho potofu. Wanataja msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa zaidi ya miili 400 ya watu wanaohusishwa na kundi la mhubiri aliyejiweka wakfu mwenyewe. Wanataja Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, ambako Machi 17, 2000 mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo la ibada. Hofu hiyo ni halali, lakini inaangalia upande usio sahihi. Miongoni mwa viongozi wa kundi la Kanungu alikuwapo padri wa Kikatoliki aliyesoma hadi Marekani. Shahada na upadirisho havikuzuia kitu. Na maangamizi ya namna hii hayatokani na waumini wengi kusema. Hutokana na mmoja kusema na wengine wote kunyamaza. Mahali ambapo waumini wamezoea kusoma Maandiko wenyewe, kuulizana na kupingana kwa adabu, nabii wa kuwaambia wafunge hadi kufa hupata shida ya kupata wafuasi. Watu wa Beroya wanasifiwa katika Matendo 17 kwa sababu hata Paulo walimkagua kwa Maandiko kila siku. Dawa ya upotofu ni kuwafundisha walei zaidi. Kuwanyamazisha kunawaacha bila kinga.

Pingamizi la pili ni chungu zaidi. Rwanda ndiko ulikozaliwa Uamsho ule wa wauguzi na walimu, na Rwanda ndiko, mwaka 1994, majirani waliobatizwa waliwaua majirani waliobatizwa, wengine ndani ya makanisa walikokimbilia. Mtu akiuliza ushuhuda wa waumini wa kawaida ulikuwa wapi, swali lake halijibiwi kwa haraka. Sehemu ya jibu iko juu: kwa miaka mingi Askofu Mkuu wa Kigali aliketi katika kamati kuu ya chama tawala, na Kanisa lililokaa karibu namna hiyo na dola lilipoteza sauti ya kuikemea. Lakini si haki kuishia hapo, kwa sababu panga halikushikwa na maaskofu. Waumini wa kawaida walishiriki. Ukweli ni kwamba kumpa mlei nafasi hakumfanyi mtakatifu, na idadi ya waliobatizwa si kipimo cha injili kuingia ndani. Wamisionari, viongozi na waumini wenyewe waliridhika na takwimu, wakaacha chuki ya kabila ikae mezani bila kuguswa. Funzo la 1994 haliwanyang'anyi waumini jukumu, linaliongeza. Uinjilisti wa jirani unaokwepa maswali ya ukabila, ardhi na haki ni uinjilisti nusu, na nusu hiyo inaweza kuua.

Wapo pia wanaohofia amani. Tanzania ni nchi ambayo Mkristo na Mwislamu hupanga nyumba moja, huchangiana harusi na kuzikana, na mara nyingi ni ndugu wa damu. Je, kumtuma kila Mkristo kuhubiri si kuchokoza? Katiba yetu, Ibara ya 19, inasema kueneza dini ni huru na ni hiari ya mtu binafsi, lakini haki hiyo haiwi sababu ya kumkera mwenzako. Wanaokumbuka mihadhara ya hadharani ya miaka ya 1980 na 1990, pande zote mbili zikishindana kubomoa kitabu cha mwenzake kwa vipaza sauti, wanajua kilichowaka wakati ule: maneno makali, yaliyosemwa na watu ambao kesho yake hawakulazimika kuonana. Ushuhuda wa jirani una breki yake ya asili. Mama anayeuza vitumbua nje ya nyumba ya Mwislamu aliyemkopesha unga hawezi kuutukana msikiti asubuhi na kuomba moto jioni. Akiulizwa kwa nini harudishi kisasi, atajibu kwa upole, na atasikiliza pia. Waraka wa kwanza wa Petro unaagiza hivyo: uwe tayari kutoa sababu ya tumaini lako, kwa upole na heshima.

Wachungaji na mapadri hawapungukiwi kitu hapa. Parokia nyingi zina vigango vingi kuliko Jumapili za mwezi, na sharika nyingi zina mitaa inayomwona mchungaji mara chache. Katekista na mwinjilisti wa mtaa ndio wanaoziba pengo, mara nyingi kwa posho isiyotosha sabuni. Mchungaji anayewaandaa waumini kumi na tano wa kutembelea wagonjwa, kufundisha wakatekumeni na kuizungumzia imani yao kazini anaongeza kazi yake mara kumi na tano. Wala hoja ya kukosa muda haina mashiko. Akila na Prisila hawakufunga karakana ili wahubiri. Mwalimu anayesahihisha madaftari ya watoto wote kwa usawa, fundi anayerudisha chenji ya vifaa vilivyobaki, karani asiyedai chai ili afungue faili, dereva wa bodaboda anayemrudishia abiria simu iliyodondoka: hao wameshaanza kusema. Kilichobaki ni kuwa na ujasiri na maarifa ya kueleza kwa nini, mtu akiuliza.

Kwa hiyo Kanisa, katika madhehebu yote, lina kazi inayoeleweka na isiyo ya gharama kubwa. Halmashauri za walei na mabaraza ya wazee yaweke mafunzo ya waumini katika bajeti kabla ya jukwaa na spika, na yawalipe makatekista na wainjilisti posho inayostahili jasho lao. Jumuiya zirudishe Maandiko kuwa ajenda ya kwanza na michango iwe ya mwisho, na zipeleke taarifa kwa paroko juu ya nani ametembelewa kama zinavyopeleka taarifa juu ya nani amelipa. Kila mkutano wa injili uwe na waumini waliopangiwa, kwa majina na mitaa, kuwafuata waongofu kwa mwaka mzima, vinginevyo usifanyike. Na wewe msomaji unayeketi katika benchi la nyuma kila Jumapili, usingoje kuitwa na kamati. Ulishaitwa siku ya ubatizo wako, kama alivyoitwa Noa Mawaggali, mfinyanzi wa Mityana. Anza na jirani wa karibu.